Makaratasi ya Penrhyn

Pauni 14,683, shilingi 17 na peni 2. Hizo ndizo fedha ambazo serikali ya Uingereza ilimlipa George Hay Dawkins-Pennant, mwenye kasri la Penrhyn huko kaskazini mwa Wales, baada ya Bunge kupitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833. Alilipwa kwa sababu alipoteza mali. Mali yenyewe ilikuwa watu 764 waliokuwa wakilima miwa yake Jamaika. Ukigawanya, unapata kama pauni 19 kwa kichwa. Watu wenyewe hawakupewa hata peni moja, na hata baada ya sheria kuanza kazi mwaka 1834 walilazimishwa kuendelea kumtumikia bwana yule yule, safari hii kwa jina jipya la wanagenzi, mpaka 1838.

Mimi zilinikaa kichwani zile peni mbili. Mtu anayedai mpaka peni mbili ana daftari zuri.

Fidia ya mabwana wote kwa jumla ilikuwa pauni milioni 20, na serikali ilikopa ili kuilipa. Mkopo huo haukumalizika mpaka mwaka 2015. Nilianza kazi Liverpool mwaka 2012. Kwa hiyo kwa miaka mitatu, katika ile kodi iliyokuwa ikikatwa kwenye mshahara wangu wa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, chembe fulani ilikwenda kumalizia deni hilo. Mimi, mjukuu wa manamba wa mkonge wa Muheza. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu kwenye basi, na mama mmoja aliyekaa jirani akahamisha mkoba wake.

Habari za Penrhyn nilizipata kazini. Kati ya wazee niliokuwa nikiwahudumia alikuwepo bibi mmoja aliyezaliwa Bethesda, mji mdogo wa machimbo ya mawe huko huko Wales. Siku moja televisheni ilionyesha kasri hilo, mtangazaji akilisifia minara na bustani, na bibi akaniambia nizime. Alikulia karibu nalo, alisema, na hajawahi kukanyaga ndani, wala mama yake, wala bibi yake. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu neno moja tu: mgomo. Nilivyoona hasira yake nilidhani ni mgomo wa ujana wake. Kumbe ulianza Novemba 1900 na kumalizika Novemba 1903, na yeye alikuwa hajazaliwa.

Ulikuwa mgomo wa miaka mitatu. Wachimbaji wapatao 2,800 waliacha kazi kwa sababu Lord Penrhyn wa wakati huo alikataa katakata kuzungumza na chama chao. Machimbo yalikuwa yake, na ardhi kubwa ya pande zile ilikuwa yake. Kwaya za Bethesda zilizunguka Uingereza zikiimba ili kuchangisha pesa za chakula. Mwaka 1901 baadhi ya wanaume walishindwa na njaa wakarudi kazini, na familia zilizobaki kwenye mgomo zikaweka madirishani karatasi iliyoandikwa kwa Kiwelishi: hakuna msaliti ndani ya nyumba hii. Hatimaye njaa ilishinda. Lakini mpaka leo katika mji ule kuna watu wanaojua nyumba ipi ilikuwa na karatasi dirishani na ipi haikuwa nayo, na kuna wazee, kama yule bibi, wanaopita mbele ya lango la kasri wakiangalia upande mwingine.

Mimi nililipita lango hilo Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Nilitoka Liverpool kwa treni hadi Bangor, kisha basi. Ukiliona kasri kwa mbali utadhani lilijengwa na watu wa mikuki na farasi, karne nyingi nyuma. Ni uongo wa mawe. Lilijengwa miaka ya 1820 na 1830, kwa mchoro wa Thomas Hopper, na lilifanywa lionekane la kale kwa makusudi, kwa sababu mwenye mali mpya hupenda ionekane ya zamani. Ndani kuna kitanda cha sleti, lile jiwe la kijivu lenye ubluu linalopasuliwa vibao vya kuezekea. Kitanda hicho kina uzito wa kama tani moja. Kilitengenezwa kwa ajili ya Malkia Victoria alipotembelea kasri mwaka 1859, na inasemekana alikataa kukilalia. Kwa hilo tu nilimwelewa malkia.

Kasri sasa liko chini ya National Trust, tangu 1951, na ukilipa kiingilio unaweza kuzunguka. Kilichonisimamisha ni mti wa ukoo. Gifford Pennant alijitwalia ardhi Jamaika katika karne ya 17, baada ya Waingereza kukinyakua kisiwa kutoka kwa Wahispania mwaka 1655. Mwanawe, Edward, alikuwa Jaji Mkuu wa kisiwa. Mjukuu mmoja, Samuel, alikuwa Meya wa London. Kitukuu, Richard, alizaliwa mwaka 1737, akawa mbunge wa Liverpool, mji ninaolala mimi, na mle bungeni alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa biashara ya utumwa. Alimwoa Anne Susannah Warburton, aliyekuwa mrithi wa sehemu ya ardhi ya Penrhyn, na kuanzia miaka ya 1780 faida ya sukari ikaenda kwenye machimbo ya sleti, barabara na bandari ya kusafirishia mawe. Mwaka 1783 akapewa cheo, akawa Baron Penrhyn. Hakuwa na mtoto. Alipofariki mwaka 1808 vyote vikaenda kwa binamu yake, huyo George wa peni mbili.

Nilisoma majina hayo nikiyahesabu kwa vidole, kizazi kwa kizazi. Kisha nikahesabu ya kwetu. Mimi, baba, babu. Kidole cha nne hakina jina.

Makaratasi ya ukoo wa Penrhyn hayako kasrini. Yamehifadhiwa katika nyaraka za Chuo Kikuu cha Bangor, na mtu yeyote anaweza kuomba kuyaona, hata mtunza wazee asiye na digrii ya historia. Niliandika barua pepe nikiwa na wasiwasi kwamba wataniuliza mimi ni nani. Waliniuliza tu nitakuja siku gani. Unaacha mkoba nje, unaingia na penseli, unaletewa boksi, na kila karatasi unailaza juu ya mto mdogo kama mtoto mchanga. Nilijisikia vibaya kidogo kwa upole ule. Sijawahi kuona karatasi ya kwetu ikilazwa juu ya mto.

Richard Pennant aliyaendesha mashamba yake kwa barua. Yeye akiwa Uingereza, mawakala wake wakiwa Clarendon, Jamaika, kwenye mashamba kama Denbigh na Pennants. Barua ilichukua wiki nyingi baharini. Zinazungumzia mvua, mapipa ya sukari, bei ya ramu, nyumbu waliokufa, watu waliokufa. Katika barua yake moja inayotajwa mara nyingi, Richard anaagiza kwamba hapendi ng'ombe wala watumwa wachoshwe kupita kiasi. Waongozaji wa watalii hupenda kuitaja kama dalili ya huruma. Mimi niliangalia nani ametajwa kwanza.

Orodha za mashamba ndizo zilizonikalisha mpaka jioni. Mashamba ya Jamaika yalikuwa na desturi ya kuwaandika watu na mifugo pamoja, ongezeko na upungufu: waliozaliwa, waliokufa, walionunuliwa, ndama, wana wa watu. Mbele ya kila jina huandikwa kazi na hali: mkata miwa, fundi mapipa, mpishi wa sukari, mzima, dhaifu, mgonjwa. Wakati mwingine bei. Ajuza ambaye hawezi tena kulima huwekwa kulinda watoto, na kwenye safu ya bei, mahali pengi, anawekewa sifuri. Mimi naishi kwa kuwahudumia watu wa umri huo. Najua kazi inayofanywa na bibi kizee aliyekaa kwenye kiti, anayeonekana hafanyi kitu: anakumbuka.

Zaidi ya makaratasi ya ukoo, kuna madaftari ya serikali. Baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya kusafirisha watumwa mwaka 1807, ilitaka kuzuia magendo, kwa hiyo mabwana wakaamriwa kuandikisha watu wao. Jamaika walianza mwaka 1817, kisha kila baada ya miaka mitatu. Madaftari hayo yapo Kew, London. Jina, jinsia, rangi, umri, amezaliwa Afrika au kisiwani, na mara nyingi jina la mama. Jina la mama! Leo mtu wa Clarendon anaweza kukaa na simu yake, akaanza na nyanya wa nyanya yake, na akiwa na bahati akamfikia mwanamke aliyeshuka melini. Aliandikwa ili asiibwe kutoka kwa bwana wake, lakini ameandikwa.

Nikaanza kuzoea majina. Mengi yametolewa na mabwana, ya mzaha, ya miungu ya Kirumi na miji ya Uingereza, kama mtu anavyowapa mbwa majina. Lakini katikati yake unakuta Cuffee, Quaco, Quashie, Phibba. Hayo si mzaha. Ni majina ya siku, ya watu wa Ghana ya leo: Kofi wa Ijumaa, Kwaku wa Jumatano, Kwasi wa Jumapili, Efua binti wa Ijumaa. Karani Mwingereza ameyaandika alivyoyasikia, yamepinda, lakini hayakuvunjika. Nani asiyeyajua majina ya namna hiyo pwani kwetu? Kila mtaa wa Tanga una Hamisi wake, Jumaa wake, Mwanahamisi wake. Nami babu yangu alikuwa Juma.

Au tuseme, aliitwa Juma. Hapa ndipo nilipoacha penseli.

Babu yangu aliletwa Tanga kutoka nchi ya Waha miaka ya 1940, wakati makampuni ya mkonge yalipokuwa na wakala wao wa kuajiri, SILABU, aliyekusanya vijana mikoa ya mbali. Walipandishwa treni Kigoma, kisha malori, wakagawiwa mashamba. Waliitwa manamba, kutokana na neno la Kiingereza la nambari, kwa sababu kila mmoja alipewa yake. Kwenye meza ya uandikishaji karani alimwuliza jina, akajibu, karani hakuelewa Kiha au hakutaka kujisumbua, akaandika Juma Kigoma. Siku na stesheni. Hilo ndilo jina letu la ukoo mpaka leo. Liko kwenye pasi yangu ya kusafiria. Maofisa uhamiaji wa Manchester hulitamka kwa heshima kabisa, hawajui kwamba wanatamka kituo cha mwisho cha reli.

Jina lake la kwao hakulisema. Baba anasema alimwuliza mara mbili. Mara ya kwanza babu alinyamaza, mara ya pili alisema aliloachiwa na mama yake hawezi kuliacha kambini. Alifariki 1979 na kuzikwa Muheza kama Juma Kigoma.

Karatasi aliyotuachia ni moja, imo kwenye kopo la maziwa ya unga. Ni kipande. Kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye vyumba 30, chumba kimoja kwa siku moja ya kazi iliyokamilika, na mshahara ulilipwa vyumba vikijaa. Hukumaliza kazi ya siku, chumba kinabaki wazi, siku imepotea. Cha babu kina alama 27. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napenda kuzihesabu. Ilichukua miaka mingi baba kunieleza jambo lililo wazi kabisa: kipande kilichojaa kilirudishwa ofisini siku ya malipo, hakikubaki na mtu. Kinachobaki nyumbani ni kile ambacho hakikujaa. Kwa hiyo kumbukumbu pekee ya maandishi tuliyo nayo ya babu ni ya mwezi ambao hakulipwa.

Vilivyojaa vyote vilikuwa ofisini, pamoja na madaftari makubwa yenye jalada gumu: jina, nambari, kabila, kijiji alikotoka, jumbe wake. Hicho ndicho kidole changu cha nne, kiliandikwa. Baba aliyaona madaftari hayo kwa macho yake kwani naye alifanya kazi kwenye korona, mashine ile inayokamua majani ya mkonge na kutoa singa, tangu akiwa kijana wa miaka 17. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, madaftari yakabaki rafuni. Mambo yaliharibika baadaye, bei ya katani iliposhuka na shamba letu, ambalo sitalitaja, kuuzwa kwa mwenye mali mpya. Wafanyakazi wakaambiwa walete vielelezo vya miaka yao ya kazi ili walipwe haki zao. Wakasema vielelezo viko ofisini kwenu. Ofisi ikajibu kwamba haina kitu cha zamani. Wiki ile ile mama muuza karanga pale stendi alikuwa akifungia karanga kwenye karatasi za mistari ya bluu, zenye mwandiko wa wino. Baba alinunua vifungu vinne. Kimoja kilikuwa na majina sita ya Wabena. Hakumjua hata mmoja, lakini alikikunja akakitia kwenye kopo.

Malipo yake hakuyapata mpaka leo. Ana miaka 74.

Kwa hiyo usiku ule niliporudi kutoka Bangor nilimpigia. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za baridi. Nikamweleza yote: kasri, sukari, boksi, mto wa kulazia karatasi, watu 764. Alisikiliza bila kunikatisha, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza, "Na majina yao yamo?"

"Yamo, baba."

"Yote?"

"Mengi. Mengine na bei."

Akakaa kimya kidogo. "Basi hao wana bahati."

Nilikasirika. Nilimwambia, baba, hao walinunuliwa, walichapwa, waliandikwa na ng'ombe. Babu alikuja kwa mkataba na angeweza kurudi. Akasema, "Kurudi kwa nauli gani?" Nikamwambia daftari lile halikuandikwa kwa ajili yao, liliandikwa kwa ajili ya peni mbili. Akasema anajua. Akasema hata la kwetu halikuandikwa kwa ajili yetu, lakini lingekuwepo leo angejua aende Kasulu kwa nani, asimame kwenye kiwanja cha nani aseme mimi ni mtoto wa fulani. "Wewe unaona haya kwamba tajiri ameyatunza," alisema. "Mimi naona haya kwamba ya kwetu yamefungia karanga."

Nimelifikiria jibu lake kwa muda mrefu na bado sikubaliani nalo lote. Ukoo wa Penrhyn haukutunza majina ya watu, ulitunza hesabu zake, na majina yalikuwa ndani kama mchanga kwenye mchele. Barua zile ukizisoma kwa wingi zinaanza kukuvuta upande wa mwandishi: unajikuta unahofia mavuno yake, unasikitikia nyumbu wake. Mtu aliyetoroka shambani anaonekana kwenye daftari kama hasara. Inabidi usimame, useme moyoni, huyu alikuwa na miguu na akili na alijua njia. Daftari la bwana haliwezi kukuambia hilo. Watu wa Bethesda hawakuhitaji boksi lolote kujua nani alibaki mgomoni. Yule bibi alilijua kwa kulikataa kasri tu, miaka 80 na zaidi. Lakini Bethesda watu walibaki kwenye nyumba zao, wakaambiana. Waliotawanywa kama manamba, kila mmoja na lugha yake, kambi moja, wangeambiana nini?

Nilimwambia baba habari za yule bibi na dirisha. Hilo lilimfurahisha kuliko kasri. Alitaka kujua karatasi yenyewe ilikuwa na ukubwa gani.

Kiasi cha wiki mbili baadaye mdogo wangu alinitumia picha. Baba alimtuma dukani anunue kaunta buku, lile nene la kurasa 384, akamkalisha barazani baada ya Alasiri, akaanza kumtajia kambi yetu ya zamani chumba kwa chumba. Nani alikaa, alitoka wapi, alifanya kazi gani, mkewe nani, watoto wangapi, yuko wapi sasa. Mdogo wangu alichora safu sita kwa rula. Baba aliongeza ya saba: jina aliloitwa kwao, kama linajulikana. Kwenye mstari wa kwanza, Juma Kigoma, safu hiyo iko wazi. Mstari wa pili yumo Mnyamwezi mmoja, na safu imejaa.

Picha mpya huja Ijumaa. Mpaka juzi walikuwa wamefika chumba cha kumi na moja. Cha kumi na mbili kimekwama kwa sababu shangazi anasisitiza kwamba aliyekaa humo alikuwa Mmakonde mwenye gramafoni, na baba anasema gramafoni ilikuwa chumba cha kumi na nne, na hakuna anayekubali kuandika kabla ya mwenzake kushindwa.